Sisi Tulikuwa Upande Gani?

Februari 1296, fundi mkuu na karani wa ujenzi waliokuwa wakijenga ngome ya Beaumaris, kaskazini mwa Wales, waliiandikia hazina ya mfalme wa Uingereza barua ya kudai fedha. Walijua wakubwa wataona kiasi walichoomba kimezidi, kwa hiyo wakakitetea kwa hesabu: waashi 400, vibarua 2,000, wachimba mawe 200, wahunzi 30, maseremala, na juu ya hao mashua 30 na mikokoteni mikubwa kwa midogo 160 ya kubebea mawe na makaa. Wakaongeza kwamba watu wanadai ujira wao na kuwazuia wasiondoke kumekuwa kazi, maana hawana cha kula.

Barua hiyo ipo mpaka leo, na kwangu mimi ina thamani kuliko minara yote. Ninaishi Bangor, ng'ambo tu ya mlango wa bahari wa Menai, na wageni wakija kutoka nyumbani, wawe wa Lindi au Dar es Salaam, lazima niwapeleke Beaumaris. Tunavuka kwa basi hadi kisiwa cha Anglesey, ambacho wenyeji hukiita Ynys Môn, tunafuata barabara ya pwani, na ngome inajitokeza mwisho wa mji, imelala chini kuliko mgeni alivyotarajia. Wengi wametazama filamu na wanangoja minara ya kugusa mawingu. Ya Beaumaris iliachwa njiani. Mfalme Edward wa Kwanza aliingia vitani na Scotland, fedha zikaelekea huko, na hadi kazi ilipokoma karibu na mwaka 1330 zilikuwa zimetumika takriban pauni 15,000, nayo ngome haijakamilika.

Ukiingia ndani ndipo unapoona akili iliyotumika. Ukuta wa nje umeuzunguka ukuta wa ndani ulio mrefu zaidi, ili wapiga mishale wa juu warushe bila kuwadhuru wenzao wa chini. Handaki la maji limeizunguka ngome yote. Mbele ya lango la kusini pana gati ndogo ambako chombo kiliweza kuingia maji yakijaa na kushusha chakula, hivyo adui akiizingira nchi kavu, bahari bado inailisha ngome. Juu ya njia ya lango kuna matundu ya kumshambulia aliyefanikiwa kupenya. Mimi ni mtoto wa pwani, na hesabu hiyo ya kujaa na kupwa naielewa bila kuelezwa.

Aliyesimamia kazi, James of St George, alitoka Savoy, na alikwisha kujenga ngome nyingine za mfalme huyohuyo. Mwaka 1282 mtawala wa Wales, Llywelyn ap Gruffudd, aliuawa, na mwaka uliofuata ndugu yake Dafydd akanyongwa. Mwaka huohuo zikaanza kupanda Conwy, Caernarfon na Harlech, kila moja ikiangalia bahari. Watu wa Wales walikabwa kwa kodi, na mwaka 1294 wakainuka wakiongozwa na Madog ap Llywelyn, wakaiteka Caernarfon na kuichoma moto. Beaumaris, iliyoanzwa 1295, ilikuwa jibu la mfalme.

Kwanza, hata hivyo, palikuwa na watu. Jirani na eneo hilo ulikuwapo mji wa Llanfaes, bandari yenye biashara nzuri, na nyumba ya watawa iliyojengwa mahali alipozikwa Siwan, mke wa mtawala Llywelyn Mkuu, mwaka 1237. Mji wa aina hiyo haukutakiwa kando ya ngome ya mfalme. Wakazi wake waliondolewa, wakapelekwa upande wa pili wa kisiwa, mahali ambapo leo panaitwa Niwbwrch. Waliokuja kuishi kwenye mji mpya chini ya ngome walikuwa Waingereza, na sheria iliwazuia watu wa Wales wasimiliki nyumba humo. Jeneza la jiwe linaloaminiwa kuwa la Siwan liligeuzwa hori la kunyweshea farasi kwa miaka mingi. Sasa limewekwa katika kanisa la Beaumaris, na sijawahi kuondoka mjini bila kupita pale.

Binti yangu, anayesoma kwa Kiwelisi shuleni na kuzungumza Kiswahili nyumbani, aliisikia habari ya Llanfaes akiwa juu ya ukuta. Akaniuliza, "Mama, sisi tulikuwa upande gani?"

Shuleni kwao jibu ni jepesi: Llywelyn ni wetu, Edward ni wao. Majirani zangu wana jibu hilohilo ingawa wanalibeba kwa namna tofauti. Mmoja, mzee mwenye heshima kubwa mtaani, hajawahi kulipa kiingilio cha ngome yoyote na hatalipa. Mwingine anaongoza watalii humohumo, na huanzia Llanfaes kabla hajafika kwa mfalme. Mwaka 1986 UNESCO iliziingiza ngome hizi nne katika Urithi wa Dunia, kwa jina la Mfalme Edward. Najua watu ambao jina hilo bado linawauma.

Mimi swali la mtoto lilinivusha bahari mpaka kwetu, Kilwa.

Mtu wa Afrika Mashariki akiambiwa ngome, mawazo hukimbilia Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593. Na kweli, kwa kazi yake Beaumaris ni ndugu wa Fort Jesus: mgeni mwenye nguvu kajenga mlangoni mwa watu, mizinga au mishale ikiwaelekea. Lakini kwa umri ndugu yake yuko Kilwa Kisiwani. Miaka ileile ambayo waashi wa Beaumaris walikuwa wakiweka chini vyombo vyao, Sultani al-Hasan bin Sulaiman alikuwa akijenga Husuni Kubwa juu ya jabali, na ngazi za mawe zikiteremka hadi baharini. Zaidi ya vyumba 100, nyua zilizochimbwa chini, na birika la kuogea lenye pembe nane ambalo kila mgeni hulipiga picha. Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akausifu mji na ukarimu wa sultani huyo. Nayo Husuni Kubwa haikukamilika. Muda si mrefu baada ya hapo iliachwa.

Kwetu tumezoea kuitaja Kilwa kwa fahari tupu, na mimi fahari hiyo ninayo. Dhahabu ya Sofala ilipita mikononi mwa Kilwa, na sarafu yake imeokotwa mpaka Great Zimbabwe. Ila Ibn Battuta huyohuyo anasema sultani alikuwa akivamia nchi za jirani na kurudi na ngawira. Kwa hiyo ninaposimama pembeni ya lile birika najiuliza: nani alibeba matumbawe haya kupanda jabali? Mafundi wa kulipwa? Mateka? Tunazo habari za masultani na nasaba zao. Barua ya fundi mkuu akilalamika kwamba vibarua wana njaa hatuna. Wales wana karatasi hizo kwa wingi, mishahara ya wiki kwa wiki, na ninawaonea wivu wa haki kabisa.

Lakini Kilwa tuna kitu ambacho hesabu za mfalme hazikukiandika. Mjomba wangu amechoma chokaa tangu ujana wake. Atakueleza jinsi magogo yanavyopangwa kwa duara, matabaka kwa matabaka, mawe ya matumbawe yakalundikwa juu, na moto unavyowashwa kutoka katikati. Atakueleza kwamba chokaa iliyotoka motoni huachwa inyeshewe, na fundi mwenye haraka huharibu ukuta. Atakuonyesha kwa nini vyumba vya nyumba za zamani ni vyembamba: dari hubebwa na boriti za mikoko, na chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko boriti inavyofika bila kupinda. Maarifa haya hayakutoka kwenye makavazi. Yametoka kwa baba yake, aliyeyapata kwa baba yake.

Siku moja nilimpigia simu nikiwa Conwy, ngome ambayo kuta zake zilipakwa chokaa zikawa nyeupe. Mabaki bado yanaonekana. "Shikamoo mjomba," nikamwambia, "huku nako walipaka chokaa."

"Marahaba mwanangu. Na wanapozikarabati, wanatumia saruji?"

Nikamwambia hapana, mafundi wa huku wanarudishia kwa chokaa. Akafurahi sana. Saruji ni ngumu kuliko jiwe la zamani, akasema. Unyevu unakosa pa kutokea, na jiwe ndilo linalopasuka. Maneno hayohayo niliwahi kuyasikia kwa mwashi mmoja wa Conwy, aliyekuwa akijazia nyufa za ukuta. Watu wawili ambao hawatakutana kamwe, na elimu moja.

Kisha nikampelekea mjomba swali la binti yangu. Alikaa kimya kidogo. "Mwambie," akasema, "kwetu hakuna aliyekuwa sultani. Sisi ni watu wa chokaa."

Hakuna kitabu kinachoweza kulithibitisha hilo kwa karne ya 14, na wala sitajaribu. Ninachotaka ni kwamba mgeni akifika Husuni Kubwa, baada ya sultani na baada ya Ibn Battuta, asikie pia habari za tanuru, za wapiga mbizi waliokata matumbawe mabichi yakiwa bado laini kiasi cha kuchongeka, za wakata mikoko. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004, na yakatolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati ambayo wenyeji walishiriki kwa mikono yao. Wanaoongoza wageni kisiwani wanayajua mengi. Wapewe muda na malipo ya kuyasema yote, kama yule jirani yangu anayeanzia Llanfaes.

Nimeshaanza kumrekodi mjomba kwa simu, tanuru moja baada ya nyingine, na binti yangu ndiye anayeandika majina ya vifaa. Bado wakata boriti na wachonga milango, na wengi wao ni wazee sana. Mpwa wangu aliyeko Kilwa Masoko amekubali kuwafuata mmoja mmoja wakati mimi niko huku.