Karatasi za damu za mdogo wangu

Leo siandiki habari za shule. Mdogo wangu ana selimundu, ule ugonjwa ambao sisi wa Kongo tunauita SS.

Zamani nikiona Hb 7 kwenye karatasi ya maabara natetemeka, maana mtoto mwenye afya hufika 11 na zaidi. Mama alikimbilia sokoni kununua vidonge vya kuongeza damu. Kumbe si madini ya chuma yaliyopungua, ni chembe za damu yake zinavunjika mapema. Hiyo 7 ndiyo kawaida yake, siku anapocheza mpira vizuri tu.

Mwaka jana akalala, macho ya njano, hata uji hataki. Hb 5. Aliyekuwa zamu akasema hawa wa SS damu yao huwa chini siku zote. Nikatoa karatasi za nyuma nilizotunza ndani ya daftari: 7, 7.2, 6.9. Akazitazama kimya, akamwita daktari. Usiku uleule mtoto akaongezewa damu.

Daftari hilo sasa Mama analiweka chini ya mto. Mimi nami nilipimwa, nikakuta AS. Siumwi, ila nikioana na mwenye AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa SS. Mchumba wangu anasema anaogopa sindano. Ijumaa tunakwenda wote.