Swali la Msichana wa Dirishani

Kwa miaka mingi nilifundisha jambo lisilo kweli, na nililifundisha kwa sauti kubwa. Sikukusudia kudanganya. Nililisoma vitabuni, likanipendeza, nikalipokea kama mtu apokeavyo fedha kutoka kwa rafiki amwaminiye, asizihesabu.

Jambo lenyewe ni hili. Tarehe 17 Julai 1959, katika Bonde la Oldupai huko Tanganyika, Mary Leakey aliona mfupa umejitokeza mtelemkoni. Mumewe, Louis, alikuwa kambini, amelala kwa homa. Lilikuwa fuvu la kiumbe wa ukoo wetu wa mbali aliyeishi yapata miaka milioni 1.8 iliyopita, ambaye leo wataalamu humwita Paranthropus boisei. Magego yake yalikuwa makubwa ajabu, na uso wake ulijengwa kubeba misuli mizito ya kutafunia. Watu wakasema: meno haya ni ya kuvunjia kokwa ngumu. Wakampa jina la Mvunja Kokwa.

Nami nikamchora ubaoni kwa chaki, nikamweka na kokwa mkononi. Msichana mmoja aliyeketi karibu na dirisha akainua mkono. "Mwalimu," akauliza, "nani alimwona akila?" Darasa likacheka, nami nikacheka pamoja nalo. Kisha nikamwambia aketi.

Sasa yafaa nikueleze, msomaji, jinsi chakula cha aliyekufa zamani kiwezavyo kujulikana. Mimea hujijenga kwa kaboni iliyomo hewani, na kaboni hiyo haina uzito mmoja. Katika kila atomu mia, karibu 99 ni nyepesi, na moja hivi ni nzito kidogo. Miti, vichaka, maharagwe, muhogo, ndizi na mpunga huikataa sana ile nzito. Lakini nyasi za mbuga zetu za joto, pamoja na mtama, wimbi, miwa na mahindi, hazichagui mno. Alama hiyo humwingia mla mimea, na kutoka kwake humwingia mla nyama. Ugali ulioula jana umo njiani kuwa mfupa wako, nao utakaa humo miaka mingi.

Naitrojeni nayo ina uzito wa namna mbili, nayo husaidia kumtambua aliyeishi kwa nyama na maziwa na aliyeishi kwa mimea. Mwaka 1986 Stanley Ambrose na Michael DeNiro walieleza kwamba, kwa kupima kaboni na naitrojeni katika mifupa ya watu wa kale wa Afrika Mashariki, waliweza kuwatenganisha wafugaji na wakulima, hata wafugaji wa ngamia na wafugaji wa ng'ombe na mbuzi. Ngamia hupenda majani ya vichaka, ng'ombe hula nyasi, na maziwa hayasahau. Fikiri: mtu hana jina wala kaburi lenye maandishi, lakini mfupa wake ungali wasema alikunywa maziwa ya mnyama gani!

Kwa kiumbe wa Oldupai, hata hivyo, mfupa haufai kitu. Katika muda mrefu kiasi hicho protini yake imekwisha kuoza, na madini yake yamechanganyika na ya udongo. Lililobaki la kuaminiwa ni gamba la nje la jino, kitu kigumu kupita vyote mwilini, ambacho kikiisha kujengeka utotoni hakijengwi upya. Wataalamu huparua unga kidogo mno, wakautia katika mashine itenganishayo atomu kwa uzito wake.

Mwaka 2008 Nikolaas van der Merwe, pamoja na Fidelis Masao wa Tanzania na Marion Bamford, walitoa habari za meno ya kiumbe huyu kutoka Oldupai na Peninj. Mwaka 2011 kundi la Thure Cerling, akiwamo Emma Mbua wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, lilitoa habari za meno ya wenziwe 22 waliochimbuliwa Kenya. Kwa wastani, asilimia 77 ya chakula chao ilitoka katika mimea yenye alama ya nyasi. Kokwa huzaliwa na miti, na miti haina alama hiyo. Naam, Mvunja Kokwa wangu alikuwa mla nyasi! Huenda magego yale yalikuwa mawe ya kusagia, si nyundo. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, nami nilikuwa nimesimama mlangoni miaka yote hiyo.

Nilipozisoma habari hizi nilikuwa nimestaafu. Yule msichana sasa ni mwalimu. Nilimwandikia barua, nikakiri kwamba swali lake lilikuwa la haki na cheko langu lilikuwa la aibu. Alinijibu kwa adabu, akaanza kwa "Shikamoo, Mwalimu," akamaliza kwa swali: je, kaboni hiyo yaweza kutenganisha nyasi za mbugani na mafunjo ya kinamasini?

La, haiwezi. Mafunjo yana alama ile ile, na wale wataalamu wa 2008 waliyataja kuwa huenda ndiyo yaliyoliwa. Nimemwandikia hivyo katika barua ya pili, ambayo ni ndefu kuliko ya kwanza.