Kumeza Dozi Mpakani Tijuana

Mwaka 2009 tulipanda treni ya mjini kutoka San Diego, Marekani, hadi San Ysidro, tukavuka mpaka kwa miguu na kuingia Tijuana, nchini Meksiko. Kwenda kulikuwa rahisi. Foleni ya kurudi ndiyo iliyotushangaza: wanafunzi wenye sare, vibarua, mayaya na akina mama waliobeba watoto, maelfu kwa maelfu kila siku. Kifua kikuu nacho huvuka pamoja nao, maana vijidudu haviulizwi pasi.

Sisi wauguzi wa kujitolea tulifuatana na promotora. Huyo ni mama wa mtaani aliyefundishwa kuwahudumia majirani zake wagonjwa. Tulipanda kilima chenye vumbi hadi kwa mama mmoja wa watoto wawili. Alikuwa ameanza dawa akiwa Marekani, akapata nafuu. Kisha akarudishwa kwao na dawa zikakatika. Kikohozi kiliporudi kilikuwa sugu: isoniazidi na rifampisini, zile dawa mbili kuu, hazikufaa tena. Sasa alikabiliwa na matibabu ya karibu miaka miwili, pamoja na sindano ambazo zingeweza kumharibu masikio.

Alikaa mlangoni penye hewa, mdomo na pua vimefunikwa. Mtoto mdogo alitaka kupakatwa. Mama akamzuia kwa mkono, machozi yakamlenga. Alimeza vidonge mbele yetu kimoja kimoja.

"Bado kimoja, mama," promotora akamwambia kwa upole.

Sisi ambao tumezoea kuwagombeza wagonjwa wanaoacha dozi tuliona haya. Huyu hakuacha kwa uzembe.

Sokoni tulikuta jibini nyeupe laini, ambayo wengine huitengeneza nyumbani kwa maziwa mabichi. Kumbe maziwa hayo huweza kubeba kifua kikuu cha ng'ombe, na huko San Diego ugonjwa huo umeonekana hasa kwa watu wenye asili ya Kihispania, watoto wakiwemo. Vijidudu vyake kwa asili haviuawi na pirazinamidi, mojawapo ya dawa nne za mwanzo. Tulikumbuka maziwa mabichi na mgando wa kwetu, tukanyamaza.

Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani limependekeza kwa wagonjwa wengi wa kifua kikuu sugu matibabu ya vidonge ya miezi sita, bila sindano. Tunamshukuru Mungu. Lakini hata miezi sita inahitaji mtu wa kukaa karibu na mgonjwa.

Basi, dada zetu, tuchemshe maziwa ya watoto. Anayekohoa wiki mbili au zaidi apelekwe kupimwa. Anayehama katikati ya dozi aage kliniki kwanza, apewe barua na dawa za njiani. Na jirani anayemeza vidonge tusimkimbie. Msamaria Mwema hakuuliza majeruhi ametoka upande gani wa mpaka. Tumpelekee uji, tukae naye nje penye hewa, tumwambie: bado kimoja, mama.