Usiharakishe Kuuza Gitaa la Bei Nafuu

Gitaa la umeme la bei nafuu likilia vibaya, watu husema, "Halifai hilo, nunueni jingine." Mimi sikubaliani nao. Mara nyingi mbao zake ni nzima na vinasa sauti vyake vinafanya kazi. Kilichopungua ni muda wa fundi kiwandani. Gitaa la bei kubwa hurekebishwa uzi kwa uzi kabla ya kuuzwa. La bei ndogo hufungwa upesi na kutiwa katika boksi. Kazi iliyobaki unaweza kuifanya wewe mwenyewe kijijini.

Nasema hivi kwa sababu ya kikundi cha muziki katika kijiji kimoja ninachokitembelea kwa kazi ya kilimo. Kilikuwa na gitaa moja la solo. Vijana walitaka kuuza magunia manne ya mahindi ya kikundi ili wanunue gitaa jipya. Ulikuwa mwezi wa Januari, na mavuno yalikuwa mbali. Mweka hazina wao, mama mtu mzima, alikataa. Kijana mpigaji akanijia, "Shikamoo bwana shamba. Gitaa hili limekufa. Tusaidie kumweleza mama." Nilimwambia alete kwanza bisibisi, rula na penseli.

Tulianza na nyuzi. Zilikuwa na kutu kama waya wa uzio, na uzi wenye kutu haushiki sauti. Nunua seti nzima ya nyuzi sita. Uzi mmoja mpya kati ya nyuzi tano kuukuu hulia tofauti. Kabla ya kuzifunga, paka unga mweusi wa penseli katika vijia vya kidaraja cha juu, pale nyuzi zinapoingia shingoni. Nyuzi zitateleza unapozikaza, hazitakwama.

Kisha pima shingo. Bana uzi mnene kwenye kijiti cha chuma cha kwanza na kile cha mwisho. Katikati pawe na nafasi ndogo, kama unene wa kadi ya karatasi ngumu. Nafasi ikiwa kubwa mno, shingo imepinda. Magitaa mengi yana chuma kirefu ndani ya shingo, nacho hukazwa kwa ufunguo wake. Kaza robo ya mzunguko tu, kisha upime tena. Kama nafasi haipo kabisa, legeza robo. Ukilazimisha, chuma hukatika, na hapo gitaa limekufa kweli.

Lakini kasoro kubwa ya gitaa lile ilikuwa mahali pengine. Lililia sawa karibu na kichwa cha shingo, lakini mkono ukishuka, sauti zilipotea. Hesabu vijiti mpaka cha 12. Hapo ni nusu ya uzi. Katika gitaa letu rula ilionyesha karibu sentimita 32 na nusu kutoka kidaraja cha juu. Piga uzi ukiwa wazi, kisha ubane kwenye kijiti cha 12 upige tena. Iwe sauti ile ile ila nyembamba, kama mtoto anayeimba wimbo mmoja na baba yake. Ikiwa sauti ya pili imepanda mno, uzi ni mfupi. Legeza uzi, kisha kwa bisibisi rudisha nyuma kile kidaraja kidogo kinachobeba uzi huo, mbali na shingo. Ikiwa imeshuka, kisogeze mbele. Kaza uzi, upige tena, usikilize.

Ni kazi ya kuchosha. Ilituchukua jioni nzima. Yule mama alikaa karibu nasi akitushikia taa. Uzi wa tano ulipokubali, ni yeye aliyesema kabla yetu, "Hapo sasa." Mahindi yalibaki ghalani.

Kelele ya "kwaru kwaru" unapozungusha kifundo cha sauti mara nyingi ni vumbi. Zungusha kifundo mara 20 au 30, kwenda na kurudi. Sauti ikikatika unapogusa waya, fungua kibao cha tundu lake. Huenda waya mmoja wa ndani umeachia. Ulehemu kwa risasi ya mafundi redio. Usitumie asidi ya mafundi bati, maana hula nyaya.

Baada ya hayo ndipo ufikirie vipuri. Mimi ningeanza na vikaza nyuzi, kama vinalegea. Vinasa sauti viwe vya mwisho, na upime matundu ya skrubu kabla ya kununua. Eddie Van Halen, mpigaji maarufu wa Marekani aliyefariki mwaka 2020, alijiundia gitaa katika miaka ya 1970 kwa mwili wenye kasoro na kinasa sauti cha gitaa jingine. Alikichovya kinasa hicho katika nta ya moto ili nyaya zake nyembamba za shaba zisitikisike na kupiga mluzi. Wewe usiijaribu hiyo jikoni, kwani nta hushika moto.

Amplifaya usiifungue. Hata ukichomoa waya ukutani, ndani unaweza kubaki umeme wa kuua. Na mpigaji akisikia nyuzi zinamshtua vidoleni, aweke gitaa chini. Asilishike tena mpaka fundi umeme amekagua waya wa ardhi.