Aliyebaki Darasa la Kwanza

Kariakoo ya utoto wangu ilikuwa ya nyumba za Kiswahili, vyumba sita na uwani mmoja, na karibu kila uwani ulikuwa na mtoto ambaye watu wazima walisema shule imemkataa. Hawakuuliza imemkataaje mtoto ambaye akitumwa dukani anarudi na chenji kamili bila kuandika chochote, na akisikiliza mpira wa Simba na Yanga redioni anausimulia wote, hadi kona na kadi za njano. Alikuwa mzito, basi. Kesi imekwisha.

Mimi niliingia darasa la kwanza mwaka 1978. Soko la Kariakoo, alilolichora msanifu majengo Beda Amuli, lilikuwa bado linang'aa, na shule zilikuwa zimefurika. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto asome, na mwaka 1977 UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ikaanza kwa kishindo. Watoto walikuwapo, walimu ndio waliokosekana. Vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu hukohuko shuleni, sehemu ya siku wanafundisha, sehemu nyingine wanajifunza, kwa redio, kwa vitabu vya masomo ya posta na kwa mkufunzi anayepita. Watu wa mjini, kwa ulimi wao, wakasema UPE ni Ualimu Pasipo Elimu. Tulicheka sana. Naona sasa kwamba ulikuwa utani wa watu wasio na shukrani, kwa sababu vijana wale ndio waliosimama mbele ya madarasa ambayo hakuna mwingine aliyekuwa tayari kusimama mbele yake.

Mwalimu wetu hakuwa wa UPE. Alikuwa mama mtu mzima, aliyesomea kazi kabla ya Uhuru, na kila mwaka mwalimu mkuu alipompa darasa la juu alikataa. Wenzake waliona darasa la kwanza ni adhabu; yeye aliliona ndilo lenye kazi. Wiki za mwanzo hakugusa chaki. Tulipiga makofi: ku-ku, makofi mawili, ki-ta-bu, matatu. Kisha visoda juu ya dawati, kimoja kwa kila silabi. "Ondoeni cha kwanza kwenye kalamu. Kimebaki nini?" Imebaki Lamu, na darasa zima tukaangua kicheko kwa kuugundua mji ndani ya kalamu. Baadaye ndipo tuliandika kwa kidole kwenye mchanga chini ya mwarobaini, huku tukitamka. Herufi b na d hakuzifundisha karibukaribu. Mb, nd na ng' zilisubiri hadi ba be bi bo bu imetulia.

Jirani yangu wa dawati alikuwa mmoja wa wale waliokataliwa. Alikuwa na kumbukumbu ya ajabu: ukurasa akiusikia mara mbili anao. Mwalimu alilijua hilo. Alikuwa anafunika picha kwa kiganja na kumwambia aanze mstari wa chini, na hapo kijana ananyamaza. Hakumchapa, jambo ambalo siku zile lilikuwa la kustaajabisha. Alimbakiza na visoda baada ya kengele, siku baada ya siku, na mwisho wa mwaka kijana akawa anasoma, polepole, kidole chini ya neno.

Mwaka uliofuata tukapanda darasa, na mwalimu akawa mwingine. Tulisoma kwa sauti moja darasa zima, na jirani yangu akajificha ndani ya sauti ile. Hakuna aliyemsikia tena peke yake. Aliacha shule kabla ya darasa la saba, akaingia sokoni. Leo ni tajiri kunizidi, ila soko lilipoungua Julai 2021 na ikafika zamu ya wafanyabiashara kuhakiki majina yao, alimtuma mwanawe akamsomee orodha.

Nilipokwenda chuo cha ualimu, miaka ya tisini mwanzoni, nilitarajia kufundishwa alichokijua yule mama. Tulifundishwa azimio la kazi. Tulifundishwa andalio la somo na safu zake, zana za kufundishia, namna ya kusimama, namna ya kufuta ubao. Kuhusu kinachotokea kichwani mwa mtoto anapoigeuza herufi kuwa sauti, na kwa nini kwa wengine mgeuzo huo ni mgumu hata wawe na akili gani, sikumbuki hata kipindi kimoja.

Wala halikuwa jambo geni duniani. Mwaka 1896 daktari wa Kiingereza, W. Pringle Morgan, aliandika habari za Percy, kijana wa miaka 14, mwepesi wa hesabu na michezo, asiyeweza kusoma: hali ambayo leo inaitwa disleksia. Mwalimu wake aliona kwamba kama masomo yote yangekuwa ya mdomo, angekuwa wa kwanza shuleni. Nilipoisoma habari hiyo, ukubwani, nilimwona jirani yangu. Marekani, tangu miaka ya 1930, Samuel Orton na Anna Gillingham waliandaa njia ya kuwafundisha watoto wa namna hiyo: sauti kwanza, hatua ndogondogo, jicho, sikio na mkono vikifanya kazi pamoja. Mchanga na visoda, kwa maneno mengine. Yule mama sidhani kama aliwahi kuyasikia majina hayo.

Kiswahili chenyewe kinatusaidia na kutudanganya. Irabu tano, kila moja na sauti yake, silabi karibu zote zinaishia na irabu: mtoto mwenye disleksia hatimaye huweza kulitamka neno. Shida yake ni mwendo. Akifika mwisho wa "walichokubaliana" mwanzo umeshamponyoka. Mwalimu anayemsikiliza kwa nusu dakika anaweka vema kwenye daftari na kuendelea. Kisha kidato cha kwanza kinakuja na masomo kwa Kiingereza, ambamo herufi moja ina sauti nyingi na sauti moja ina tahajia nyingi, na mtoto anazama. Mwaka 2012 nchi ilishtuka kusikia kwamba zaidi ya wanafunzi elfu tano waliochaguliwa kuingia sekondari hawakujua kusoma na kuandika. Tulizungumzia udanganyifu wa mitihani, kwa haki kabisa. Wangapi kati yao walikuwa na disleksia halikuwa swali la mtu yeyote.

Ingekuwaje? Patandi, chuo chetu cha elimu maalumu kule Arusha, kwa miaka mingi kiliweka mkazo kwa wasioona, viziwi na wenye ulemavu wa akili. Hapahapa Kariakoo, Shule ya Uhuru Mchanganyiko imewapokea wasioona na wenye ulemavu wa akili, na watu wa mtaani wanaiheshimu kwa hilo. Lakini mtoto mwenye disleksia hana fimbo nyeupe. Hana kitengo. Anakaa dawati la nyuma kwenye darasa la kawaida, na mwalimu anayemhitaji ni wa kawaida pia.

Haki isemwe: mambo yamesogea. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulipunguzwa ukabaki na KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, kama kiini chake, na chini ya mpango wa LANES walimu wa madarasa hayo wakakusanywa na kufundishwa upya, sauti za herufi zikiwa mbele. Siku hizi kuna MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambapo walimu wanakutana shuleni kwao kujadili somo gumu. Wafini wa Chuo Kikuu cha Jyväskylä, waliochunguza disleksia kwa miaka mingi, walibuni mchezo wa simu uitwao GraphoGame, na toleo la Kiswahili limetengenezwa: mtoto anasikia sauti, anagusa herufi. Vipokea sauti vya kusikilizia vinauzwa Mtaa wa Kongo kwa bei ya sahani ya chipsi. Zana si tatizo letu kubwa.

Juzi nilipita shule moja ya jirani kumwona mwalimu kijana wa darasa la kwanza, mtoto wa rafiki yangu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hawa wote wako?"

"Wote, na wengine hawajafika."

Alikuwa na daftari pembeni, majina ya watoto wachache wanaochanganya b na d, wanaosoma mstari kwa kukariri. Amejifunza mwenyewe, jioni, kwenye simu. Anajua neno disleksia na analitamka bila kusita. Aliniuliza nikishawatambua niwapeleke wapi, nikamjibu hakuna pa kuwapeleka, ni wewe. Nikamweleza habari za visoda, na kalamu inayobaki Lamu. Alicheka, akaandika.

Nikamwambia akae na darasa hili miaka kadhaa, kazi hii haiivi kwa mwaka mmoja. Akasema ndivyo anavyotaka, ila ratiba ya Januari imeshabandikwa ofisini: amepangiwa Hisabati, darasa la tano.