Kiti cha Kumi na Tano

Mkulima wa Gwarama, kwenye nyanda za juu za Kigoma, akichambua maharage ya mbegu huweka kando punje nyingi nzima. Hizo hazitupwi, huingia chunguni. Shamba lina mipaka yake.

Timu ya NBA nayo ina mipaka: wachezaji 15 wa mkataba wa kawaida msimu unapoanza. Kumi wa mwanzo hujulikana mapema. Ugomvi huwa juu ya viti vya mwisho. Je, apewe kijana wa kulelewa, au mzoefu atakayekaa benchi wiki nzima bila kununa, kisha aitwe kwa dakika mbili?

Septemba 2014 Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliingia kambi ya Detroit Pistons kugombea kiti hicho. Mwaka 2009 alichaguliwa wa pili, mbele ya James Harden na Stephen Curry, akawa Mtanzania wa kwanza katika NBA. Kimo chake, futi 7 na inchi 3, hakikupungua hata ukucha. Mchezo ndio uliokuwa ukihama, ukitaka warefu wakimbiao na kulenga kutoka mbali. Oktoba akaachwa.

Nyumbani wengi walisema ameshindwa, wakasahau misimu mitano aliyokwisha kuicheza. Mchujo huamua timu inahitaji nini asubuhi ile. Thamani ya mtu haumo katika mizani yake. Mwaka 2017 Thabeet alikuwa Yokohama, Japani, mpira mkononi.