Maoni ya Katesh Hayana Sanduku la Kura

Ndani ya Weekly Shonen Jump, jarida la vibonzo ambalo kampuni ya Shueisha inalichapisha Tokyo tangu 1968, msomaji amezoea kukuta kadi ya posta. Anajaza umri wake na namba za hadithi tatu zilizomnogea zaidi katika toleo hilo, anabandika stempu, anaitumbukiza kwenye sanduku. Wahariri wanazihesabu. Hadithi ikishika mkia toleo baada ya toleo, mchoraji anaambiwa aifunge, hata kama ndiyo kwanza ina miezi michache. Siku hizi kura zinapigwa pia mtandaoni, ila ukali wake haujapungua. Kwa utaratibu huo jarida lilifika nakala milioni 6.53 kwa toleo moja mwishoni mwa 1994, na kwa utaratibu huohuo Dragon Ball ya Akira Toriyama ilibadili njia. Ilipoanza 1984 ilikuwa safari ya kuchekesha ya kutafuta mipira saba. Kura zikalegea, Toriyama na mhariri wake Kazuhiko Torishima wakaingiza mashindano ya mapigano, na Dragon Ball ambayo dunia inaijua ikazaliwa hapo.

Huku Korea Kusini ninakoishi, kazi ya kadi inafanywa na kidole. Kampuni ya mtandao ya Naver ilianza kuweka vibonzo vyake mtandaoni mwaka 2004, vikiwa vimechorwa kwa kushuka wima ili visomeke kwenye kioo cha kompyuta, na baadaye vikakaa vizuri zaidi kwenye simu. Msomaji wa Kikorea akifika mwisho wa sura anatoa alama kati ya moja na kumi, kisha anaandika maoni. Maoni yaliyopendwa na wengi yanapanda juu, hivyo anayesoma sura leo anasoma na hukumu yake papo hapo. Kuna pia uwanja wa wachoraji wasiojulikana: yeyote anapandisha kazi yake, wasomaji wanachuja, na waliopenya wanapewa mkataba na malipo. Kwa ufupi, msomaji wa Seoul au Osaka akisema hadithi imechosha, kuna mtu ofisini ambaye mshahara wake unategemea kumsikia.

Sasa twende nyumbani Tanzania, wilayani Mbulu na Hanang. Kijana wa Haydom, Dongobesh au Endasak mwenye simu janja na bando anaweza kusoma kazi zilezile. Asiye na bando atazipata zikiwa zimegeuzwa filamu, zikiwekwa kwenye fleshi au memori kadi katika duka la muvi, au zikionyeshwa kwenye kibanda umiza pamoja na filamu zilizotafsiriwa na maDJ wetu. Naye ana maoni, tena yenye hoja. Chukua Solo Leveling, riwaya ya Chugong iliyogeuzwa kibonzo kuanzia 2018 kwa mkono wa marehemu Jang Sung-rak. Kila anayeisifu anasifu michoro, na kila anayeilaumu anagusa palepale: shujaa wake, Sung Jinwoo, akishakuwa na nguvu kupita kiasi, hatari inaisha, wenzake wote wanabaki watazamaji. Chukua Attack on Titan ya Hajime Isayama, iliyomalizika Aprili 2021. Kuna wanaoona shujaa wake, Eren, alisalitiwa na mwisho wake, na kuna wanaoona mwisho mwingine wowote ungekuwa uongo. Mimi niko na hawa wa pili, ingawa nakiri zile kurasa za mwisho zilikimbizwa, na Isayama mwenyewe aliongeza kurasa kitabu cha 34 kilipotoka. Ubishi wa namna hii hauhitaji shahada. Unahitaji mtu aliyesoma kwa makini, na watu hao wako Katesh, Hanang, kama walivyo Busan.

Hoja yangu basi ni hii. Tunapolinganisha utamaduni wa vibonzo wa huku na wa nyumbani tunakimbilia vipaji, fedha na mitambo ya uchapaji, tukaisahau njia ya maoni. Japani na Korea zimemfanya msomaji kuwa mhariri msaidizi. Sisi tumemwacha akiwa shabiki, na shabiki anaweza kupiga kelele mpaka akauke koo bila mchezo kubadilika.

Njia yenyewe imezibwa mara kadhaa kabla haijafika popote. Shueisha ilipofungua huduma yake ya mtandaoni, MANGA Plus, Januari 2019 ili dunia isome sura mpya bure siku zinapotoka, ilianza na Kiingereza, kisha Kihispania. Baadaye zikaongezwa lugha nyingine, zikiwemo Kiindonesia, Kithai na Kivietinamu. Kiswahili hakimo. Kwa msomaji wa Mbulu hilo lina uzito wa pekee, kwa sababu eneo lile ni njia panda ya lugha ambayo wanaisimu wanaijua vizuri: Kiiraqw ni cha Kikushi, Kidatoga ni cha Kiniloti, Kihadza cha bonde la Yaeda kimesimama peke yake, na Kinyiramba na Kinyaturu ni vya Kibantu. Kwa wengi Kiswahili ni lugha ya pili na Kiingereza ni ya tatu, nacho ni cha darasani. Picha inamsaidia kuelewa, lakini picha haimsaidii kujibu. Akiamua kutoa maoni, atayatoa kwa lugha ambayo aliitumia mara ya mwisho kwenye mtihani. Na kama alisoma kwenye tovuti ya wizi, kama wasomavyo wengi duniani pale njia halali inapokuwa mbali nao, basi hata kule kusoma kwake hakuhesabiwi popote.

Mtu ataniuliza: Tokyo imsikilize mtu wa Katesh kwa lipi, wakati si yeye anayenunua jarida? Ni swali la haki, na simdai Mjapani. Namdai Mtanzania, kwa sababu vibonzo vya Kiswahili tunavyo tangu zamani. Chakubanga wa Christian Gregory alikuwa kwenye gazeti la Uhuru tangu miaka ya 1960. Jarida la Sani lilitupa Lodi Lofa, Ndumilakuwili, Kipepe na Madenge, na Philip Ndunguru aliyechora baadhi yao alifariki akiwa kijana akiacha mtindo ulioigwa kwa miaka mingi. James Gayo akaja na Kingo, Masoud akaja na Kipanya. Hawa ni wachoraji wa kweli, na kazi zao zilisafiri kwa basi mpaka vijijini. Ila angalia dunia yao ilivyo: Lodi Lofa ni mtu wa Dar es Salaam, na vichekesho vyake ni vya mjini, vya kodi ya chumba, foleni, ujanja na wanawake wanaokwepa ahadi zake. Msomaji wa Hanang alicheka, akalipa, na nakala haikumwachia mahali pa kusema, "Sasa nataka na ya kwetu."

Na ya kwao yapo, tena mazito. Miaka ya 1970 na 1980 mashamba makubwa ya ngano ya shirika la umma la NAFCO, yakisaidiwa na Kanada, yalichukua malisho ya Wabarabaig katika nyanda za Hanang, na kijiji cha Mulbadaw kikaipeleka NAFCO mahakamani. Mahakama Kuu ikakipa ushindi, Mahakama ya Rufani ikaugeuza. Hapo kuna wazee, trekta, makaburi ya jadi na wanasheria, vitu ambavyo mchoraji wa Kikorea angejengea hadithi ya miaka mitatu. Tarehe 3 Desemba 2023 tope lilishuka kutoka Mlima Hanang likafunika Gendabi na sehemu ya Katesh, watu zaidi ya themanini wakafa. Kwa maisha ya kweli ya watu kama haya, Wakorea wana Misaeng ya Yoon Tae-ho, kibonzo kuhusu kijana asiye na shahada anayehangaika na kazi ya muda ofisini, ambacho kilivuma mpaka kikageuzwa tamthilia mwaka 2014. Waliokipandisha ni wasomaji waliojiona ndani yake. Mhariri wa Dar es Salaam hawezi kukisia kwamba watu wa Basotu, kule Hanang, wanataka hadithi ya ngano. Ni lazima aambiwe, na hakuna chombo cha kumwambia.

Pingamizi ninalolisikia zaidi ni kwamba watu wetu hawana desturi ya kusoma na kuandika maoni. Sikubaliani nalo hata kidogo. Anayesema hivyo amesahau kadi za salamu. Kwa miaka mingi Watanzania wa vijijini walinunua kadi, wakajaza majina ya ndugu na marafiki na ujumbe, wakazituma Radio Tanzania na vituo vilivyofuata, kisha wakakaa kando ya redio wakisubiri kusikia majina yao. Tofauti ya kadi hiyo na kadi ya Shonen Jump ni ndogo sana: ile ya kwetu ilijazwa majina ya watu, ya Mjapani ilijazwa namba za hadithi. Desturi ya kujibu iko hata ndani ya sanaa ya Wairaqw wenyewe. Katika slufay, dua ndefu ya mzee mbele ya mkutano, waliokaa wanaitikia kila kipande, na dua isiyoitikiwa haijakamilika. Wala watu wa huko hawana haya ya kufikisha ujumbe. Mei 2022 mbunge wa Mbulu Vijijini, Flatei Massay, alipiga sarakasi ndani ya Bunge akidai lami ya barabara ya jimboni kwake. Hicho nacho ni kibonzo kilichojichora chenyewe.

Na pale chombo kilipowekwa, watu walikitumia. Shujaaz, kitabu cha katuni kilichoanza Kenya 2010 na baadaye kikaingia Tanzania, kilijengwa juu ya mtangazaji kijana wa kubuni ambaye wasomaji walimwandikia ujumbe kana kwamba ni mtu wa kweli, na ujumbe huo ukarudi kuwa hadithi. Shirika la Femina nalo, kupitia majarida ya Fema na Si Mchezo!, lilipeleka hadithi za picha kwenye shule na vijiji na kuchapisha barua za wasomaji. Kasoro ni kwamba zote hizi zilikuwa kazi za ufadhili zenye somo la kufundisha: afya, akiba, ujana salama. Msomaji aliulizwa amejifunza nini. Hakuulizwa kama hadithi inachosha.

Kuna pingamizi gumu zaidi, nalo sina jibu lake lote: kura inaua wachoraji na inaua sanaa. Ratiba ya kila wiki inayoendeshwa na kura imewachakaza watu. Mchoraji wa Kijapani Yoshihiro Togashi amesimamisha hadithi yake ya Hunter × Hunter mara nyingi kwa sababu ya afya. Huku Korea kuna tabia ya kundi kuvamia kibonzo na kukishushia alama kwa hasira, mara nyingine kwa jambo lisilohusu hadithi kabisa. Kura pia inapenda kinachopendwa tayari, ndiyo maana mashindano ya mapigano hayaishi. Yote kweli. Lakini haya ni maradhi ya shibe, na sisi bado tuna njaa. Mchoraji wa Tanzania haonewi na kura nyingi. Anaonewa na ukimya: anachora, gazeti linatoka, na hajui kama kuna aliyecheka Dongobesh. Kura ya mwezi, au ya kila hadithi inapoisha, ingetosha, bila kisu cha kila wiki.

Wazee wenye hofu ya maadili wana sehemu ya haki pia, kwa kuwa kuna manga ambazo hazifai kwa mtoto wa darasa la tano. Korea ilipita hapo. Sheria ya kulinda vijana ya 1997 iliwaweka wachoraji kikaangoni, na Lee Hyun-se, mmoja wa wakubwa wao, alishtakiwa kwa kibonzo cha miungu ya kale mpaka akashinda 2003. Kilichobaki baada ya vumbi kutulia ni madaraja ya umri. Mzazi anayetaka madaraja hayo nyumbani naye anahitaji njia ya kusema, na kumnyang'anya mtoto simu hakumfikii mhariri yeyote.

Kuhusu wachoraji wetu kutoonekana mtandaoni, tusijidanganye kwamba tatizo ni uvivu. Kanuni za Tanzania za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilimtaka hata mwenye blogu alipie leseni, jumla ikipita shilingi milioni mbili. Ada zilipunguzwa baadaye, lakini miaka ile ndiyo Webtoon, jukwaa la kimataifa la Naver, ilikuwa inavuna wachoraji chipukizi duniani kote, na kijana wa Mbulu mwenye daftari la michoro hakuwa na ubavu huo.

Kwa hiyo nawaomba wahariri na wachoraji wa nyumbani jambo moja dogo. Chini ya kibonzo chako weka namba ya simu na swali moja: iendelee au iishe? Ujumbe mfupi unapita kwenye simu ya kitochi, na redio kama Habari Njema pale Mbulu inaweza kusoma matokeo. Jibu likija, lichapishe hata likikuuma, na utaje limetoka wapi. Nawe msomaji wa Hanang na Mbulu, unayejua kueleza kwa nusu saa kwa nini Solo Leveling ilipoteza ladha, mtafute mchoraji mmoja wa Kiswahili wiki hii umwandikie ukali huohuo, kwa Kiswahili, na umwambie unataka hadithi gani ya kwenu.